Saa 400 za tiba ya usemi: Mbeya na Iringa nazo zina zamu

Desemba iliyopita mpwa wangu alisimama jikoni kwa mama, Tukuyu, mkoani Mbeya, ameshika bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano yenyewe. Aling'oa kisukumio chake, akaziba tundu la chini kwa kidole, akajaza uji wa ulezi mpaka kwenye alama ya 10. Akaachia kidole huku akitazama sekunde kwenye simu. Zilipotimu kumi akaziba tena na kuinua bomba kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa umebaki uji wa kama mililita 6.

"Huu babu ataumudu," akasema. "Ila ule wa asubuhi, bibi, ulikuwa maji."

Mama alisimama na mwiko mkononi. Amepika uji zaidi ya miaka hamsini, na hajawahi kuona unapimwa kama dawa. Lakini alisogea karibu, akaomba aoneshwe tena, na jioni ile alipima mwenyewe.

Baba alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda, maneno yakakata. Alilazwa katika hospitali ambayo sitaitaja, na kwa siku tisa tulimnywesha chai na uji mwepesi akiwa amelala chali, kwa sababu tuliamini mgonjwa hachokozwi kitandani. Kila mara alikohoa. "Kapaliwa tu," tulisema, tukampigapiga mgongoni. Alirudi nyumbani, baada ya wiki tatu akarudishwa wodini kwa nimonia, na miezi miwili baadaye tena nimonia. Hakuna aliyetuambia kwamba kile kikohozi cha wakati wa kunywa na ile nimonia ni ndugu. Simlaumu nesi wa zamu, aliyekuwa na wodi nzima peke yake. Kitu hiki hakuwahi kufundishwa, na aliyepaswa kumfundisha hakuwepo.

Mpwa wangu anasoma shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha nchini Marekani. Alipopata nafasi, ukoo mzima uliuliza swali moja: mtu anakwenda ng'ambo kusomea kuongea? Nami niliuliza. Leo ninaandika kwa sababu nimeona kidogo cha anachosoma, na nimejiridhisha kwamba nusu ya elimu hiyo haiwezi kuagizwa kutoka nje ikaja imefungwa kwenye sanduku. Lazima ifanyiwe kazi hapa hapa, kwa lugha zetu na kwa vyakula vyetu, kwenye wodi zetu.

Tuanze na hicho cha kumeza, maana ndicho kinachoua. Wengi tunadhani mtaalamu wa usemi anashughulika na ulimi unaoteleza kwenye herufi. Kumbe mdomo unaosema ndio unaokula, na njia ya hewa na njia ya chakula zinapishana kooni kama barabara mbili kwenye makutano yasiyo na trafiki. Kila tunapomeza, kaakaa laini linafunga njia ya pua, zoloto, yaani kisanduku cha sauti, linapanda, kidaka tonge kinafunika njia ya hewa, nyuzi za sauti zinabana, kisha ndipo tonge linapita. Mishipa mitano ya fahamu inayotoka moja kwa moja kwenye ubongo inashirikiana katika tendo la muda usiozidi sekunde moja au mbili. Kiharusi kikigusa mpangilio huo, maji ndiyo hatari ya kwanza kwa sababu yanakimbia. Yanafika kooni kabla lango halijafungwa. Uji mzito unakwenda taratibu na kuwapa misuli muda.

Kuna jambo jingine lililonitisha zaidi: wapo wanaopaliwa bila kukohoa. Hisia za koo zimekufa, chai inateremka mapafuni, mgonjwa anatabasamu, na familia inasema leo amekunywa vizuri. Mwanafunzi hufundishwa kusikiliza sauti baada ya funda, kama imekuwa ya majimaji, kutazama pumzi, na pale penye mashine, kumtazama mgonjwa akimeza bariamu, kimiminika kinachoonekana kwenye picha, chini ya eksirei inayokwenda kama sinema. Pasipo mashine, anafundishwa asijifanye anajua asichokiona. Anafundishwa pia mambo madogo ambayo hayagharimu chochote. Mketishe wima. Mpe kidogo kidogo. Msafishe kinywa asubuhi na jioni, maana mate yenye vijidudu yakishuka mapafuni yanaleta nimonia kuliko maji safi.

Kipimo kile cha bomba ni sehemu ya utaratibu wa kimataifa wenye madaraja kuanzia 0 hadi 7, vinywaji vyembamba mpaka chakula cha kawaida. Huo ameukuta tayari kitabuni. Ambacho hakukikuta ni uji wa bibi yake. Uji ukiwa wa moto ni mwepesi, ukipoa unaganda. Kwa hiyo upimwe ukiwa na joto lile lile utakalonywewa nalo. Halafu wanga unalainishwa na mate, kwa hiyo kikombe kinachochukua nusu saa, kijiko kikitoka mdomoni na kurudi kikombeni, huishia kuwa chepesi kuliko kilivyoanza. Kule anakosomea kuna unga maalumu wa kopo wa kuongezea uzito, lakini Tukuyu kuna ulezi, mahindi, ndizi za kupondwa na parachichi. Nani ameyapanga hayo kwenye madaraja? Mpwa wangu alipima kwa siku nne, akaandika kwenye daftari la shule lenye mistari. Hiyo ni kazi ya kitaaluma kabisa, na inasubiri watu.

Sasa nije kwenye lugha, ambako ndiko hoja yangu ilikolala.

Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa mengi lakini hakuweza kutamka zaidi ya silabi moja, "tan". Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa namna nyingine, wanaomwaga maneno kwa wingi bila maana na wasioelewa wanachoambiwa. Kila mwanafunzi wa fani hii huanza na hao wawili. Lakini mgonjwa wa Broca alipimwa kwa Kifaransa na wa Wernicke kwa Kijerumani. Baba yangu aliota meno akisema Kinyakyusa, akajifunza Kiswahili shuleni na sokoni, na kanisani kwetu amekuwa akichanganya vyote viwili tangu ujana wake.

Pale wodini alioneshwa kalamu, akaulizwa kwa Kiswahili, "Mzee, hii nini?" Akakaa kimya. Akaoneshwa saa. Kimya. Kwenye faili pakaandikwa kwamba haelewi. Kesho yake asubuhi mama alimwamkia kwa Kinyakyusa, naye akaitikia "ndaga", wazi kabisa, sauti yake ile ile. Mimi nikakimbilia kusema amepona. Mpwa wangu nilipomsimulia kwa simu alinituliza. Salamu, kuhesabu moja mpaka kumi, sala, nyimbo na hata matusi, alisema, mara nyingi husalimika kiharusi kikipita, kwa kuwa hayo hayatungwi upya kila yanaposemwa. Kwa hiyo salamu si ushahidi wa kutosha. Lakini ni mlango. Alipokuja Desemba alipanga mezani kikombe, jembe dogo, kitambaa, ndizi na redio, akamwomba babu yake aguse kimoja kimoja, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyakyusa. Kwa Kiswahili alipata viwili. Kwa Kinyakyusa alipata vyote vitano, na kwenye redio akacheka.

Mzee huyu ndiye aliyeandikiwa "haelewi".

Tangu karne ya 19 wataalamu wanabishana kuhusu mgonjwa mwenye lugha mbili. Théodule Ribot aliona kwamba lugha ya utotoni ndiyo hubaki. Albert Pitres, mwaka 1895, akasema hapana, hurudi kwanza ile aliyoitumia zaidi kabla ya kuugua. Waliofuata wamegundua kwamba kwa wagonjwa wengi lugha hurudi sambamba, ila wapo wa kutosha wanaokwenda kinyume, hata haifai kukisia. Funzo la darasani ni jepesi kulisema: pima lugha zote za mgonjwa. Kulitenda Mbeya ni kazi nyingine. Kinyakyusa, Kisafwa, Kindali, Kinyiha, ukivuka Makambako kuna Kibena, Makete kuna Kikinga, Iringa kuna Kihehe. Mtaalamu hawezi kuzijua zote. Anachoweza kujifunza ni kufanya kazi na binti wa mgonjwa kama mkalimani bila kumwacha amjibie baba yake, na hilo lina mbinu zake, halitoki kwenye hotuba ya darasani.

Kwa watoto ndiko tunakoumizana zaidi. Mwalimu mmoja wa chekechea, Iringa mjini, aliniambia ana mtoto mwenye "tatizo la ulimi": rangi anaita langi, barua balua. Nikauliza nyumbani wanasema nini. Kihehe, na bibi ndiye anayemlea. Kihehe hakitofautishi r na l kama Kiswahili kinavyofanya, na Kinyakyusa vivyo hivyo. Mtoto huyo hana ugonjwa. Amebeba sauti za nyumbani kwao, na akikaa miaka miwili shuleni atazipata zote mbili, au asizipate na maisha yaende. Kinyakyusa chenyewe kina irabu saba, ambapo Kiswahili kina tano. Mbona hatusemi Waswahili wa pwani wana upungufu wa irabu mbili?

Huu ndio moyo wa mafunzo ya uzamili katika fani hii, kwa maoni yangu: kutenganisha tofauti na hitilafu. Mtoto anayekosea hata katika lugha ya mama yake, anayeangusha silabi, asiyeelewa maagizo mafupi kwa lugha yoyote, huyo anahitaji msaada, na ahudumiwe mapema. Mtoto mwenye lafudhi anahitaji kuachwa. Ukiwachanganya unafanya makosa mawili kwa mpigo, unamtia alama mzima na unampita mgonjwa.

Vipimo vya Kiingereza havitusaidii hapa, hata vikitafsiriwa neno kwa neno. Chukua kimoja tu. Tangu kazi ya Roger Brown ya mwaka 1973, wataalamu hupima ukuaji wa lugha ya mtoto kwa wastani wa urefu wa tamko lake. Sasa mtoto wa Mwanjelwa, Mbeya, akisema "sitakuletea", amesema neno moja. Ukihesabu maneno, ni mtoto wa hatua ya mwanzo kabisa. Ukilifumua, lina vipande sita: si, ta, ku, let, e, a. Ndani yake mna ukanushi, wakati ujao, mtendwa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Huyo ni mtoto mwenye lugha nzito kichwani. Makosa nayo yana sura yake. Kwa Kiingereza mgonjwa au mtoto huacha vijineno vidogo vya sarufi. Kwa Kiswahili huwezi kuacha vyote, kwa sababu mzizi mtupu hausimami. Utakachosikia ni upatanisho uliovurugika, kitabu mzuri, viatu yangu, au kiambishi cha nafsi kilichodondoka. Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto wa Nairobi na kuonesha, katika utafiti uliotoka 2005, jinsi wanavyoanza kwa kudondosha viambishi hivyo na kuvipata taratibu. Kazi nzuri sana. Lakini Kiswahili cha Nairobi na cha Makete si kimoja, na mtu akimpima mtoto wa Makete kwa kanuni za Nairobi atakosea kwa njia ile ile, ila kwa Kiswahili.

Nitaje na mdomo sungura na kaakaa lililopasuka, kwa haraka. Upasuaji unafanyika, na tunashukuru. Lakini mtoto aliyezibwa kaakaa akiwa amechelewa ameshazoea kutengeneza p, t na k kooni, na hewa inaendelea kupitia puani. Mtaalamu wa usemi hamsikilizi kwa maneno kama "mama" na "mbwa", ambayo tayari yana pua ndani yake. Atamwambia aseme "kaka kapika supu". Hapo hakuna m wala n, na uvujaji wote utasikika. Kiswahili chetu kimejaa mb, nd na nj kiasi kwamba kupata sentensi safi kama hiyo kunahitaji mtu anayekijua kwa kina.

Kisha kuna udata. Mtoto akifika miaka mitatu hajasema, jirani anashauri kile kikamba chini ya ulimi kikatwe, au kimeo. Nimeona wembe ukitumika. Mtoto anayechelewa kusema hachelewi kwa sababu ya kikamba hicho; swali la kwanza ni kama anasikia, la pili ni jinsi anavyocheza na kuelewa. Mama wa mtoto huyo si mjinga. Amekosa mtu wa kumuuliza, na wembe ndio jibu lililokuwa karibu.

Mwanafunzi wa Marekani anayetaka cheti kamili cha fani hii lazima afikishe saa 400 za vitendo: 25 za kutazama na 375 za kushika mgonjwa mwenyewe, chini ya msimamizi mwenye cheti. Akihitimu bado kuna mtihani wa taifa, na wiki 36 za kazi chini ya uangalizi, zisizopungua saa 1,260. Mtu akizitazama namba hizo anaona urasimu. Mimi naona kukiri kwamba kazi hii haiingii kwa kusoma. Na kama elimu inaingia kwa saa za kukaa na wagonjwa, basi mgonjwa ambaye mwanafunzi anakaa naye ndiye anayeamua mtaalamu atakuwa wa nani. Saa 400 zikitumika zote kwa wagonjwa wa Kiingereza, zinamtoa mtaalamu wa Kiingereza. Zikitumika zote Dar es Salaam, zinamtoa mtaalamu ambaye hajawahi kukutana na bibi wa Ludewa asiyejua Kiswahili.

Chuo Kikuu cha Muhimbili kimeanzisha shahada ya kwanza inayounganisha usikivu na usemi, na Makerere, Uganda, wana shahada yao ya tiba ya usemi tangu 2008. Hatuanzi na sifuri. Ninachodai ni kwamba sehemu ya mazoezi ya vitendo ya wanafunzi wetu, wa shahada ya kwanza na wa uzamili, ipangwe huku kwa lazima, kama madaktari wanafunzi wanavyotawanywa. Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda na ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Barabara kuu ya Zambia inapita hapa na kule mlima Kitonga, Iringa, na inatuletea majeruhi wa kichwa, vijana wa bodaboda na madereva wa malori, ambao mfupa unaunga lakini kumbukumbu na mpangilio wa mazungumzo haurudi. Iringa kuna chuo cha Mkwawa kinachofundisha walimu; wanafunzi wa pande zote mbili wangeweza kukaa darasa moja, walimu wajifunze kumtambua mtoto, wataalamu wajifunze darasa la watoto wengi linavyofanya kazi na linavyokwangua sauti ya mwalimu. Iringa hiyo hiyo kuna mgahawa wa Neema Crafts, ambako wahudumu viziwi wamewazoesha wateja kuagiza kwa alama na maandishi. Mwanafunzi akinywa chai pale mara moja ataelewa, kuliko kwa mihadhara kumi, kwamba mawasiliano hayakai mdomoni peke yake.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu la watu wenye akili timamu: hatuna manesi wa kutosha, hatuna madaktari wa kutosha, na wewe unaleta kada nyingine. Nami ninajibu kwa kitanda cha baba. Nimonia mbili, kulazwa mara mbili, dawa za sindano, nauli, siku za kazi zilizopotea kwa watu watano. Vyote hivyo vingeweza kupungua kwa mto mmoja wa kumwegemeza wima na uji uliopimwa kwa bomba la sindano. Wengine wanapendekeza kozi fupi kwa manesi. Nakubali, zifanyike kesho. Lakini kozi fupi lazima ifundishwe na mtu anayejua kwa nini, siyo anayejua hatua tu. Na ikitokea mgonjwa asiyefuata kitabu, nesi awe na namba ya kupiga.

Wataalamu wa fani hii nchini wanahesabika. Mmoja akiwekwa Mbeya na mmoja Iringa hawatatosha kutibu watu wote, na sidai hivyo. Watatosha kusimamia wanafunzi. Hapo ndipo saa zinaanza kuhesabika.

Usiku wa mwisho kabla ya kupanda basi, mpwa wangu alimalizia ubao wa picha kwa babu yake: kikombe, choo, redio, kanisa, shamba, maumivu, na mama amevaa kilemba. Chini ya kila picha maneno mawili, la Kinyakyusa na la Kiswahili. Kwa wiki tatu hakuniruhusu nimwite yeye tabibu. Alisema yeye bado ni mwanafunzi, haruhusiwi kumtibu mtu bila msimamizi, anamsaidia bibi kupika tu. Nilimsindikiza stendi alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Nikamuuliza katika zile 400, hizi wiki tatu zimempa saa ngapi.

"Hata moja, Mjomba," akasema. "Huku hakuna wa kunisainia."